Pua ya Kuazima

Tangu Pasaka, Vőneki Etel alikuwa akipika kwa macho na masikio. Mafua makali yaliyomlaza mwishoni mwa Kwaresima yalimwachia mwili, lakini yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia. Aligundua Jumamosi Kuu, alipokuwa akichemsha paja la nguruwe la kupeleka kanisani likabarikiwe. Mvuke ulijaa jikoni hadi vioo vya madirisha vikatoa jasho, na nyumba haikunuka kitu. Alifungua kabati, akatoa kopo la paprika, akainamisha uso mpaka ncha ya pua ikagusa unga. Ilikuwa sawa na kunusa ukuta.

Hakumwambia mtu, isipokuwa daktari mmoja wa mji wa Szeged ambaye hakumfahamu wala hakutarajia kukutana naye tena. Daktari alimjibu kwamba pua nyingine hurudi na nyingine hazirudi, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mtu wa mahali pengine angeweza kuuliza kwa nini siri hiyo ilikuwa nzito kiasi hicho. Kwetu, kando ya mto Tisza, haihitaji kuulizwa. Etel alikuwa mpishi wa harusi. Mtaa wote wa chini, kuanzia kanisani hadi kwenye tuta la mto, haukuwa na mtu aliyeoa au kuolewa bila nyama ya kondoo iliyopikwa na mkono wake. Mwiko wake mrefu wa mti wa mforsadi ulining'inia ukutani juu ya jiko, umekuwa mwekundu hadi moyoni. Mumewe, Gáspár, alikuwa amekwisha kufa. Mwanawe alikuwa akifanya kazi Graz, Austria, akipiga simu Jumapili. Waliobaki kufungua lango lake ni wale waliokuja kumwomba apike. Etel alijua kwamba watu hao hawakumfuata yeye; waliufuata mwiko. Hakulichukia jambo hilo. Mtu aliyefuata mwiko naye huketi, hunywa kahawa, husimulia nani amegombana na nani, na akiondoka huacha kiti kikiwa kimesogezwa kutoka mezani. Kuna siku Etel hakukirudisha kiti mahali pake hadi jioni.

Kiangazi kile alikataa harusi mbili, akisingizia mguu. Zilipikwa na Ökrös Julianna, mke wa fundi wa matairi, mwanamke wa makamo mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Lango la Etel likanyamaza. Bawaba zikashika kutu, naye akazitia mafuta, kana kwamba mgeni angekuja.

Kisha, mwanzoni mwa vuli, akaja Bori.

Bori alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Siku ya kumbatiza, Etel alikuwa amemshika mikononi mbele ya kanisa na kusema kwa sauti, watu wote wakimsikia, kwamba harusi ya mtoto huyo ataipika yeye, akiwa na miguu au hana.

“Mama,” Bori alisema, akiwa bado hajavua koti, “ni Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Katalin. Baada ya hapo padri hafungishi tena, Majilio yanaingia. Na bwana harusi ni wa Kalocsa.”

“Kalocsa!” Etel alisema. “Kwa wale wanaojiona ndio wenye paprika? Hukuona mwanamume mwingine Hungaria nzima?”

“Ndiyo maana nakutaka wewe. Mama yake ameshaniuliza kama huku kwetu tunatia paprika au tunatia vumbi la matofali.”

Etel alicheka, na akiwa bado anacheka akasema ndiyo. Msichana alipoondoka alibaki akikitazama kile kiti kilichosogezwa, na hofu ikaanza kumpanda kutoka miguuni.

Hofu yake ilikuwa na sababu mahususi. Paprika ni pilipili iliyofundishwa upole: mabibi zetu walipasua kila tunda kwa kisu na kung'oa mishipa ya ndani inayobeba ukali, mpaka kilichobaki kikawa utamu na rangi. Lakini upole huo una gharama yake. Paprika imejaa sukari, na sukari huungua. Kwa hiyo vitunguu hulainishwa katika mafuta ya nguruwe hadi viwe kama kioo, kisha sufuria huondolewa motoni. Huondolewa kabisa, kupunguza kuni hakutoshi. Hapo ndipo paprika hutiwa, hukorogwa kwa kitambo cha pumzi chache, na nyama hufuata upesi na majimaji yake. Mafuta yakiwa ya moto mno, unga hugeuka kahawia na kuwa shubiri, na hakuna dawa. Mafuta yakipoa mno, paprika haifunguki. Hubaki vumbi lililolowa, lenye rangi lakini lisilo na roho. Kati ya makosa hayo mawili pana upenyo mwembamba, na bawabu wake ni pua. Harufu ya vitunguu hulegea, inapanda nyingine tamu kama ya lozi, na mpishi hujua: sasa.

Etel hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote kitambo hicho. Kila mara aliwageuzia wasaidizi mgongo na kuifunika sufuria kwa mwili wake. Wanawake walikuwa wakisema: “Nyamazeni, Etel anaungama.” Julianna ndiye aliyekuwa akijaribu kuchungulia kila mara, na ndiye aliyefukuzwa kila mara.

Vuli nzima Etel alijifundisha upya peke yake. Alikata kitunguu kimoja, akatia kijiko cha mafuta, akainamisha sikio. Alijifunza kwamba vitunguu vyenye maji hupiga kelele, na vinapokauka sauti hushuka na kuwa mnong'ono. Ulimi wake ulikuwa mzima: uliijua chumvi, utamu, ukakasi, na zaidi ya yote uliujua uchungu wa kitu kilichoungua. Ukali pia ulibaki, kwa sababu ukali ni maumivu, na maumivu hayapiti puani. Tangu kiangazi alikuwa akila pilipili kali zaidi na zaidi, akizichuma kutoka kwenye shada lililoning'inia chini ya upenu. Ilikuwa njia yake ya kuhakikisha kwamba chakula kimefika kinywani. Mara nyingine machozi yalimtoka mezani, na hakujisumbua kuamua ni ya pilipili au ya nini.

Wiki ya harusi alikwenda kinuni kwa Dobó Szilveszter, msagaji.

Mle kinuni hata utando wa buibui ni mwekundu. Taa huwaka nyuma ya vumbi kama jua la moshi, na mawe hunguruma mpaka meno ya mtu yanatetemeka. Szilveszter alizima mashine alipomwona, akajipangusa mkono kwenye suruali.

“Nakubusu mkono, bibie! Nilidhani umeamua kununua dukani, ile ya pakiti yenye picha ya mchungaji.”

“Afadhali ya duka kuliko ya kwako. Dukani wananiibia huku wananiambia asante.”

“Eeh, huyo ndiye Etel wangu. Lete kiganja.”

Ilikuwa desturi yao ya miaka mingi. Alimwekea unga kidogo katikati ya kiganja. Etel akausawazisha kwa kidole gumba hadi ukawa laini kama hariri, akaupulizia pumzi ya moto, akauinua puani. Kwa kuwa hakusikia kitu, alihesabu kimoyomoyo kitambo ambacho mtu anayenusa angekitumia, kisha akafumba macho kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani.

“Nzuri,” alisema. “Nipimie hiyo.”

Szilveszter hakusogea.

Nje, punda wa mtu alilia. Etel alifumbua macho, akaona uso wa msagaji umebadilika, na hapo akakumbuka. Kila mwaka, bila kukosa, Szilveszter humpa kwanza paprika ya mwaka jana, iliyochakaa, inayonuka majani makavu ya zizini. Naye Etel humtupia unga ule usoni na kumtukana yeye na kizazi chake. Kisha hucheka wote wawili, na ndipo ile mpya hutolewa kutoka nyuma ya mlango. Huo ndio ulikuwa mzaha wao. Alikuwa ameusubiri mwaka mzima bila kujua kwamba anausubiri, na ulipofika ulipita mbele yake asiutambue.

“Taa zako mbovu,” alisema hatimaye. “Sioni hata rangi.”

“Ndiyo,” Szilveszter alisema polepole. “Mbovu kweli. Nitazibadilisha.”

Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na mfuko wa mpya, akaupima kwa uangalifu ambao haukuhitajika. Hakusema neno lingine la mzaha. Alimfungulia mlango na kumshika kiwiko alipokuwa akishuka ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Etel alitamani kwa moyo wote kwamba asingelifanya.

*

Asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni na kuketi uani kwa akina Bori. Sufuria tatu kubwa za chuma zilining'inizwa kila moja juu ya moto wake: moja ya mchana, ya kuwalisha watakaokuja kumchukua bibi harusi, na mbili za jioni, za karamu yenyewe. Wanawake walikuwa wamekwisha kukata vitunguu na kulia kwa pamoja. Julianna alikuwa amevaa aproni mpya.

“Mguu unaendeleaje, Shangazi Etel?”

“Unaendelea mbele. Wako?”

“Wangu umeshacheza harusi mbili tangu wako ulale.”

“Nilisikia. Walisema ulicheza vizuri kuliko ulivyopika.”

Wanawake waliangua kicheko, Julianna akicheka kuliko wote, na kwa kitambo Etel aliisahau hofu. Mwiko ulikuwa mkononi, moto ulikuwa ukizungumza, na watu walimzunguka. Hiki ndicho alichokuwa akiogopa kukipoteza.

Vitunguu vya sufuria ya kwanza vilipiga kelele, vikanong'ona. Alitoa amri, vijana wawili waliiondoa sufuria motoni na kuiweka majanini. Akawageuzia watu mgongo.

“Nyamazeni,” mtu mmoja alisema, “anaungama.”

Alitazama ndani. Mafuta yaliwaka kwa mng'ao wa dhahabu. Zamani, wakati huu, hewa yenyewe ingemshika mkono. Sasa mbele yake palikuwa na picha tu, kama kitu kilicho nyuma ya kioo. Mafuta ni ya moto mno? Alisubiri. Alisali Baba Yetu hadi kwenye mkate wa kila siku, akaona moshi mwembamba, ambao huenda ulikuwa ukungu, akasali mpaka mwisho. Aliwaza shubiri. Aliwawaza watu wa Kalocsa wakitema mate. Akasali tena nusu yake. Kisha akatia paprika yote kwa mkupuo, akakoroga, akaita nyama.

Baada ya saa kadhaa alionja. Rangi ilikuwa safi, nyama imelainika, chumvi sawasawa. Alitafuta uchungu kwa ulimi wote, hadi pembeni, wala hakuuona. Akashusha pumzi.

Ulimi wake ungeweza kumlinda na kosa moja tu kati ya yale mawili, na kwa kuliogopa hilo alikuwa amelikimbilia lile jingine.

Mchana walifika, na vinanda mbele yao. Msemaji wa bwana harusi, mzee mwenye masharubu yaliyopakwa nta, alisimama langoni na fimbo yake ya mapambo.

“Tumetoka mbali,” alitangaza, “tumekuja kutafuta ua tuliloambiwa limechanua humu. Na kwa kuwa tumesikia habari za watu wa Tisza, kila mmoja wetu amebeba paprika yake mfukoni!”

“Bakini nayo!” Julianna alipaza sauti kutoka jikoni. “Huku kwetu hiyo ni rangi ya kupaka milango!”

Walicheka, wakaketi, wakala. Etel alisimama nyuma ya pazia la mlango akiwatazama. Walikula vizuri. Yule msemaji aliinuka na glasi ya divai, akausifu mkono wa mpishi kwa beti nne zenye vina, na watu wakapiga makofi. Bori, ambaye kwa desturi hakuruhusiwa kukanyaga jikoni siku hiyo, alimtafuta kwa macho na kumtumia busu kwa mbali.

Hakuna upweke unaofanana na wa kusifiwa kwa kitu usichoweza kukijua. Etel aliinama kuitikia sifa, na ndani yake hakukuwa na chochote cha kuzithibitisha au kuzikana.

Kisha sahani zikaanza kurudi.

Kwetu sahani haidanganyi. Mgeni anaweza kusema apendavyo, lakini mchuzi wa paprika ukiwa mzuri hauachwi. Hupanguswa kwa mkate mpaka maua yaliyochorwa chini ya sahani yanaonekana. Etel alikwenda mahali pa kuoshea, nyuma ya ghala, ambapo Julianna alikuwa amepandisha mikono ya blauzi mbele ya karai. Sahani zilipangwa juu ya benchi. Nyama ililiwa yote, kwa adabu. Mchuzi ulibaki. Sahani baada ya sahani, duara jekundu, tulivu, limeanza kuganda, na vipande vya mkate visivyoguswa pembeni.

Moja tu ilikuwa safi. Ilikuwa imepanguswa hadi inang'aa. Etel hakuhitaji kuuliza ilitoka wapi, maana alikuwa amemwona Szilveszter akiwa ameketi mwisho wa meza, akiufuta mchuzi kwa mkate, kipande baada ya kipande, bila kuinua macho, kama mtu anayemaliza dawa. Katika watu wote wale ni mmoja tu aliyeonyesha kuipenda sana nyama yake, naye ndiye pekee aliyejua kwamba Etel hawezi kunusa.

Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Julianna aliendelea kuosha. Maji yalikuwa yamekuwa mekundu.

“Haikuungua,” alisema bila kugeuka.

“Najua.”

“Ni mbichi. Paprika imebaki nje, haikuingia kwenye mafuta. Inanuka unga.” Akachukua sahani nyingine. “Nilidhani umetuchukia. Nikasema, Shangazi ameamua kutuaibisha mbele ya wale wa masharubu.”

“Sisikii harufu, Julianna.”

“Leo? Una mafua?”

“Tangu Pasaka.”

Julianna aligeuka, mikono ikidondosha maji. Kengele ya kanisa ilianza kupigwa. Nje msafara ulikuwa ukijipanga, vinanda vikijaribiwa, Bori akiitwa na mama yake. Etel alikuwa mama wa ubatizo na mahali pake palikuwa mbele, lakini mpishi hatoki jikoni. Walisikiliza wote wawili mpaka muziki ulipopinda kona na ua ukabaki mtupu, ukiwa na mioto miwili na kuku mmoja.

“Tangu Pasaka,” Julianna alirudia. “Na ule mguu?”

“Mguu ni mzima. Unaweza kumpiga mtu teke.”

“Mungu wangu. Mficha maradhi we! Si ungesema tu?”

“Ningesema, halafu iweje? Mngenihurumia wiki moja. Halafu nani angekuja?”

Julianna alikuwa mwanamke mkweli, hakukana. Alijipangusa mikono kwenye ile aproni mpya, akaiacha na madoa.

Vitunguu vya sufuria za jioni vilikuwa tayari motoni. Etel alivisikia vikianza kushuka sauti. Baada ya saa chache watu wangerudi kutoka kanisani, wenyeji na wageni, na wale wa Kalocsa wangepewa sahani zao mara ya pili. Angeweza kumkabidhi Julianna mwiko papo hapo na kwenda nyumbani kupitia nyuma ya ghala. Hakuna ambaye angemlaumu; watu wangesema mguu. Alijiona akifungua lango lake, akilifunga, na bawaba zilizotiwa mafuta zikikaa kimya.

“Njoo usimame hapa,” alisema.

“Wapi?”

“Hapa, karibu yangu. Weka uso juu ya mvuke. Mimi nitakoroga, nitatia. Wewe utanusa. Ikifika, useme.”

Julianna alikuja, kwa tahadhari, kama mtu anayeingia chumba alichokatazwa tangu utotoni. Waliiondoa sufuria motoni wakiishika masikio wao wawili, wakiguna. Hakukuwa na mtu wa kumgeuzia mgongo. Etel alishika bakuli la paprika kifuani, akagundua kwamba hajawahi kusimama na mtu mwingine mbele ya mafuta yaliyoondolewa motoni, hata na Gáspár.

“Nitajuaje?” Julianna alinong'ona. “Mimi huwa nabahatisha. Ndiyo maana zile zangu mbili zilikuwa hivyo hivyo tu.”

“Sasa hivi unasikia vitunguu?”

“Vikali. Vinapiga puani.”

“Subiri vilegee. Vitakuwa vitamu, kama mkate unaotoka. Usiseme mapema.”

“Shangazi.”

“Nini?”

“Huogopi nikakudanganya? Niseme tu sasa ovyo, uharibikiwe, mwiko ubaki wangu?”

“Naogopa,” Etel alisema.

Julianna alimtazama, kisha akainamisha uso juu ya sufuria, akafumba macho. Nywele zake ziliteleza kutoka kwenye kitambaa, na kwa mkono wake usio na bakuli Etel alizishika zisiingie katika mafuta.

“Bado,” Julianna alisema. “Bado… kinakuja kitu… bado. Sasa! Tia, tia!”

Etel alitia. Unga ulishuka, ukakaa juu ya mafuta kwa kitambo kidogo, kisha ukafunguka, wekundu ukikimbia kutoka katikati hadi kingoni mwa chuma. Alikoroga. Julianna alitoa sauti ndogo, ya kushtuka, ambayo haikuwa neno.

“Nyama!” Etel alisema. “Usilale, mwanamke! Nyama!”

Waliimwaga nyama pamoja. Kisha wakaifanya ya pili, na safari hiyo Julianna hakuuliza chochote.

*

Taa za hema la karamu zilipowashwa, giza la vuli lilikuwa limekwisha kutua juu ya mashamba. Etel hakwenda nyuma ya pazia. Aliketi kwenye ndoo yake karibu na karai na kungoja sahani, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua.

Ya kwanza ilirudi ikiwa na maua yake yote. Ya pili pia. Halafu zikaja kwa mafungu, zimepanguswa, nyingine na alama ya ukoko wa mkate uliozungushwa, na msichana aliyezileta alisema wale wa Kalocsa wanaomba mkate zaidi, na yule wa masharubu amesema kwamba paprika hii lazima iliibwa kwao.

Nyuma yake alitokea Szilveszter, amebeba sahani yake mwenyewe.

“Hii nayo,” alisema.

Etel aliipokea. Ilikuwa safi.

“Hata ya mchana ilikuwa safi.”

“Ya mchana niliifuta kwa ajili yako,” msagaji alisema. “Hii nimeifuta kwa ajili yangu.”

Alisimama kidogo, akiikunja na kuikunjua kofia yake. “Mwakani,” alisema, “sitakupa ya zamani.”

“Nipe,” Etel alisema. “Nitakuja na mtu wa kukutukana.”

Msagaji alicheka, si kama zamani, lakini alicheka, akarudi kwenye vinanda.

Julianna alileta kipande cha mkate kilicholowekwa mchuzini, akamwekea kiganjani. Etel alikula. Chumvi ilikuwepo, na joto, na utamu wa vitunguu, na mwisho kabisa mchomo mdogo kwenye ncha ya ulimi. Kuzunguka vitu hivyo palikuwa na nafasi kubwa tupu, kama chumba kilichohamwa.

“Niambie inanukaje,” alisema.

“Inanuka paprika, Shangazi.”

“Paprika naijua. Sema vizuri.”

Julianna alinusa sufuria, akakunja uso kama mtoto aliyeulizwa hesabu. “Kama plamu,” alisema. “Plamu zilizopikwa mpaka zimeshika chini kidogo. Na… ukanda wa baba yangu, wa ngozi, alipokuwa akiuacha juani. Na ile harufu ya kwako.”

“Ya kwangu ipi?”

“Ya nyumbani kwako. Nilikuwa nikitoka shule napita langoni kwako, nasimama. Ulikuwa hunioni. Nilisimama tu, nikinusa, halafu nikaenda zangu.”

Etel alijaribu kumkumbuka msichana nje ya lango lake, hakumpata. Miaka yote hiyo alikuwa ndani, ameligeuzia mgongo.

Aliaga mapema, kabla ya ngoma ya bibi harusi. Alimbusu Bori pembeni ya hema, akamwambia mguu unamsumbua, na Bori akaamini. Alipopita uani aliuona mwiko wake umeegemezwa kwenye sufuria tupu, mwekundu katika mwanga wa makaa. Katika harusi zote alizopika, hakuwahi kuuacha hata mara moja; aliubeba nyumbani kifuani, akauosha kwa mkono wake. Alisimama mbele yake. Julianna alikuwa ndani akicheza, kicheko chake kikisikika juu ya vinanda vyote.

Aliuacha ulipo, akaenda.

Nyumbani hakuwasha taa ya jikoni upesi. Ukutani, juu ya jiko, palikuwa na msumari na chini yake mstari mweupe mrefu ambapo chokaa haikuwa imepata moshi. Alivuta kiti kimoja kutoka mezani, akakiacha kimesogea. Kisha akakumbuka kitu, akatoka tena kwenye baridi kwa kandambili, akaenda hadi langoni, akalifungua komeo, Julianna asije akalikuta limefungwa.

Alijaribu kunusa hewa, kwa mazoea. Hakupata kitu; ukungu ulikuwepo, bila shaka, na moshi wa kuni, na mto. Alirudi ndani, akaweka birika la kahawa tayari kwa asubuhi.